Nzuri. Halafu?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 37, naishi Gongo la Mboto. Ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Gerezani. Mume wangu yuko mgodini Geita, anakuja kila baada ya miezi mitatu. Naamka saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na mbili kasoro niko kituoni nagombea daladala, nakaa nyuma ya kioo kile kile mpaka saa kumi na moja jioni, narudi nimesimama, napika, nalala. Kesho hivyo hivyo. Siku zangu zimekuwa kama matofali, ukiona moja umeziona zote.

Dada yangu alinitumia sauti kwenye WhatsApp, mama mmoja anasema ukitaka furaha andika kila usiku mambo matatu mazuri ya siku hiyo. Nikanunua daftari. Siku ya kwanza niliandika: uhai, afya, watoto. Siku ya pili: afya, watoto, uhai. Siku ya tisa nikaona namdanganya Mungu, daftari nikampa mwanangu achoree magari.

Kinachoniudhi zaidi ni mama mkwe. Amekuja kutoka Pangani tangu mwezi wa tatu kutibiwa goti. Shangazi, mwanamke huyu anafurahia kila kitu. Anakaa barazani kutwa na kila kinachopita kwake ni sherehe. "Mwanangu, njoo uone mawingu!" "Eeh, leo muuza maandazi kavaa viatu vipya!" Juzi nimerudi miguu imevimba, hata viatu sijavua, ananiita: "Njoo umwone kuku huyu, njoo haraka!" Nikapita ndani nikajifanya sijasikia. Hata nguo anazianua kwa mbwembwe. Anakunja kanga zangu kona kwa kona, mpaka zile kuukuu, anazinusa, anasema zinanukia jua. Mimi bosi hajanilipa huu mwezi wa pili, mwenzangu ananusa kanga.

Je, nina moyo mgumu? Wenzangu wanavionaje hivyo vitu vidogo vya kufurahisha ambavyo mimi sivioni? Na kama hakuna dawa, basi nifundishe namna ya kumnyamazisha mama mkwe bila kumvunjia adabu.

Keshia wa Gerezani

*

Marahaba, mwanangu. Mshahara kwanza, kuku baadaye.

Miezi miwili bila malipo haitibiwi kwa kutazama mawingu. Mwandikie bosi wako barua fupi ya kudai, yenye tarehe, ubaki na nakala iliyosainiwa kwamba imepokelewa. Akikaa kimya, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wanayoiita CMA, ukajaze fomu namba moja. Madai ya aina yako yanatakiwa kufika pale ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka, kwa hiyo usingoje mume arudi kutoka Geita. Hesabu siku zako leo. Nimelitanguliza hili kwa makusudi. Mtu akikusisitiza sana ushukuru kwa kidogo ulicho nacho, angalia kwanza kama si yeye aliyekalia kikubwa.

La pili, nalo la haraka. Ikiwa usingizi umekimbia, chakula hakipiti, vitu ulivyovipenda havikugusi, na hali hiyo imepita wiki mbili mfululizo, nenda hospitali ukaseme hivyo hivyo. Inaweza kuwa sonona, na sonona inatibika. Barua yako haikuniambia hayo, lakini uso wako sikuuona, ndiyo maana nauliza.

Sasa moyo. Moyo mgumu huna. Umezoea tu, na kwenye kuzoea hakuna aliyesalimika, hata mimi ninayekujibu.

Miaka sita iliyopita nilitolewa mtoto wa jicho. Ugonjwa huu haubishi hodi. Lenzi ya jicho inafanya ukungu polepole, inakuwa na rangi kama chai ya rangi, na bluu inafifia bila kuaga, wala hujui kwamba umekosa kitu. Wakanitoa lenzi ile, wakaweka ya plastiki. Kesho yake bandeji ikafunguliwa nikarudishwa nyumbani. Uani kwangu kuna ndoo ya lita 20, imepoteza mfuniko, kishikio chake cha waya nimekifunga kitambaa kisinikate vidole. Nilikuwa nayo miaka mingi na ningekula kiapo kwamba ni ya kijivu. Kumbe ya bluu! Bluu ile ya mashua iliyopakwa rangi jana. Maji yalikuwa nusu, jua la saa nne likapenya ubavuni mwake, sakafuni kukawa na doa la bluu linalotikisika. Nikasimama pale mpaka mjukuu wangu akaja kuniangalia. Nikamuuliza, "Ndoo hii mmenunua lini?" Akaenda kumwita mama yake. Walivyotazamana, nilijua wanafikiri daktari amegusa na kitu kingine.

Juma zima nilizunguka nyumbani mwangu kama mtalii. Mapazia, vyungu, sare za shule kwenye kamba, nilisimama kila mahali. Kufika mwezi wa tatu, mwanangu, ndoo ilikuwa ndoo. Naisukuma kwa mguu nipite.

Kwa hiyo usidhani kuna watu waliozaliwa na macho ya namna nyingine. Fukiza udi nyumbani, mgeni akifika mlangoni atasema nyumba inanukia, na wewe uliyekaa humo nusu saa husikii kitu. Pua imeshapokea habari, haina haja ya kukuletea tena. Na pesa nazo hazikuokoi na hili. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake wawili walichapisha utafiti juu ya watu 22 walioshinda bahati nasibu katika jimbo la Illinois, Marekani. Waliwauliza raha wanayoipata katika mambo kama kupiga soga na rafiki, kula kifungua kinywa au kusikia kichekesho. Washindi walijipa alama za chini kuliko watu wa mitaa ile ile ambao hawakushinda kitu. (Aya hii usimwonyeshe bosi wako, atapata hoja.)

Daftari nalo lisikusute. Yule mama wa WhatsApp hakulitoa hewani. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walionyesha kwamba walioandika vitu vya kushukuru waliridhika na maisha yao kuliko walioandika kero zao. Ila kuna kipande ambacho wauza furaha hawakitaji. Sonja Lyubomirsky na wenzake waliwapa watu kazi ya aina hiyo kwa wiki sita, kundi moja mara moja kwa wiki, kundi jingine mara tatu. Waliofaidika ni wale wa mara moja. Ukiifanya kila usiku inageuka kazi ya nyumbani ya mwalimu, na wewe kazi za kukusimamisha unazo za kutosha. Vizuri ulivyompa mtoto achoree magari. Nina hakika magari hayafanani.

Lakini mimi nina ugomvi mwingine na orodha yako. Uhai, afya, watoto. Nani amewahi kuuona uhai ukivuka barabara pale TAZARA? Maneno hayo ni makubwa mno, hayana mkono wala mguu, hayana saa wala mahali. Nawe unasema ulimdanganya Mungu. Hukumdanganya. Ulimsalimia tu, kama unavyomsalimia jirani.

Jisikilize ukirudi leo jioni. "Habari za kazi?" Nzuri. "Za njiani?" Salama. "Hapa nyumbani?" Hawajambo. Sisi ni watu tunaoulizana habari kuanzia alfajiri mpaka usiku, wala hakuna anayeitoa. Swali ni mlango, na jibu ni komeo. Si lawama, ndiyo adabu yetu, na adabu hiyo naipenda. Hata mwenye msiba akiulizwa habari huanza na "nzuri", kisha akavuta pumzi, kisha akasema "ila". Tena hapo ndipo penyewe. Tumejifunza kwamba kinachokuja baada ya "nzuri" ni "ila". Ila mtoto anaumwa. Ila mvua imeingia ndani. Ila bosi hajalipa. Anayetaka kusema jambo jema hana neno la kulivukia, basi anaishia kwenye "nzuri" na jambo lake linakufa mdomoni.

Ninachokuomba ni neno moja. Baada ya "nzuri" weka "halafu".

Ndoo yangu ilirudi kwa njia hiyo. Wageni walikuja sikukuu, mjukuu akasema, "Bibi, wasimulie ya ndoo." Nikaanza kusimulia, nikafika kwenye lile doa la sakafuni, mkono wangu ukanyooka wenyewe kuelekeza uani, nikageuka. Ilikuwa bluu tena. Imekaa pale miezi nisiione, imengoja niitaje. Mpaka leo nikipita peke yangu ni ndoo tu, nikimweleza mtu inawaka. Nimefikiria sana kwa nini, na nadhani anayejua kwamba jioni atasimulia, mchana hutazama. Mvuvi anayerudi bila samaki ana habari za bahari, kwa sababu anajua pwani kuna watu watakaomuuliza.

Basi beba habari moja kwa siku, ya kumpelekea mama mkwe wako. Moja, na siku ukikosa usikope ya kesho. Iwe kitu ambacho ungeweza kukionyesha kwa kidole. Isiwe na funzo. Wala usijipime na mtu mwenye hali mbaya zaidi yako ili ujione una nafuu, hiyo si habari, ni kumsimanga mtu asiyekuwepo.

Utasema njiani hakuna kitu. Njia yako naijua, nimeipanda kabla hujazaliwa, wakati bado tunaiita Pugu Road. Asubuhi ndani ya daladala, aliyesimama na mzigo hasemi neno, na aliyekaa hasemi neno, mkono unanyooka tu na mkoba unahamia mapajani kwa mtu asiyemjua mwenye mkoba. Kufika Kipawa mwanamke mmoja aliyekaa anakuwa amepakata begi la mwanafunzi, kapu la mboga na mtoto wa miaka miwili, wote si wake. Hakuna aliyehesabu, hakuna aliyeogopa. Huko mbele abiria wanashuka na kila mmoja anapewa chake. Nilimwona kijana mmoja amepewa mtoto mchanga apakate, amevaa fulana ya kazini yenye grisi, akaweka gazeti kwanza kati ya fulana na mtoto. Hiyo ndiyo habari moja. Imekaa nami miaka kumi na zaidi.

Na pale dukani unasema unakaa nyuma ya kioo. Mwanangu, mimi ningelipia kiti hicho! Kutwa nzima mikono ya watu inakuja kwako. Mkono wa fundi uliopasuka kwa saruji, unaoshika noti kwa ncha za vidole asiichafue. Mkono wa bibi anayefungua pindo la kanga, noti ikitoka humo bado ina joto na haitaki kunyooka. Na vinavyonunuliwa vinasema. Anayetaka misumari ya bati kilo mbili leo anapaua, na aliyefika kupaua amepita mengi. Anayenunua kitasa kimoja na bawaba tatu anakwenda kufunga mlango. Pengine ni mlango wake wa kwanza. Pengine tangu azaliwe amelala kwenye vyumba vya kupanga, akirudi nyumbani anaomba funguo kwa mtu. Funguo utamhesabia wewe, zile mbili zilizofungwa kwa waya mwembamba. Huna haja ya kulia machozi ya furaha pale kaunta. Muulize tu, "Unapaua leo?" Uone uso.

Vya nyumbani sivitaji vingi, utaviona mwenyewe. Kijiko kikianza kukwangua ukoko kwenye sufuria kinaita watoto upesi kuliko majina yao. Na umeme ukirudi usiku, ile "Umerudiii!" ya watoto mtaa mzima, kutoka nyumba ambazo hazisalimiani. Wenye jenereta wanakosa sauti ile, nami huwaonea huruma kidogo.

Sasa mama mkwe. Kumnyamazisha sikufundishi, lakini haki yako ya kuvua viatu naitetea. Mwambie, "Mama, ninawe, nivue viatu, dakika kumi tu, kisha unihadithie yote." Halafu uje kweli. Mtu aliyetoka Pangani, kule ambako hawezi kufika dukani bila kusimama mara nne kusalimiana, sasa amekaa na goti bovu kwenye baraza ya mtaa asioujua. Mume wako hayupo, watoto wako shule, wewe uko Gerezani. Kuku aliyemwona saa tano asubuhi hana wa kumwambia. Labda jioni alikuwa kuku mwingine, sijui. Ninachojua ni kwamba aliposema "haraka" alikuwa amekungoja kutwa, na akakuona ukipita ndani. Hilo mlipe. Usiombe radhi kwa hotuba, ataona haya. Kaa naye barazani kesho, na yeye kabla hajaanza umwambie, "Mama, leo kuna mzee kanunua kitasa." Atakuuliza maswali mpaka ujute kutotazama vizuri, na keshokutwa utatazama.

Tena macho yako si mabovu kama unavyodhani. Ulikuwa unalalamika, na mtu anayelalamika hana haja ya mapambo. Ungeandika "ananikunjia nguo" tungeelewana. Ukaandika kona kwa kona. Ukaandika mpaka zile kuukuu. Nilipofika hapo niliweka barua chini nikaenda kunusa kanga zangu, ambazo, bahati mbaya, zilikauka ndani kwa sababu ya mvua na zinanukia kabati.

Barua ya bosi na fomu ya CMA usisahau. Na jambo moja limeninyima raha tangu juzi nilipokusoma. Yule kuku alikuwa anafanya nini? Muulize mama mkwe wako, kisha uniandikie.

Shangazi